"Ni ya ukoo huyo, ataongea tu": jeni, ulimi wa mtoto na sisi wa Mtwara

Leo naomba siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, maana kuna maneno yamenichosha. Mtoto ana miaka mitatu, hasemi. Anaonyesha kwa kidole, anavuta kanga ya mama yake, asipoeleweka analia. Mama akiuliza pale mtaani anajibiwa: "Ah, ni ya ukoo huyo, hata baba yake alichelewa. Ataongea tu." Basi, mjadala umefungwa. Mama anarudi nyumbani kusubiri.

Mimi si daktari, nimemaliza sekondari tu na naandika. Lakini nimekaa kwenye kompyuta wiki kadhaa kusoma utafiti wa jeni na usemi wa watoto, na nilichokuta kinaigusa sentensi hiyo moja kwa moja. Nusu ya kwanza, ile ya ukoo, mara nyingi ni kweli. Ile ya pili, ya "ataongea tu", ndo inatuharibia watoto. Ukweli wa kwanza unatakiwa umfanye mzazi akimbie kutafuta msaada, sisi tunautumia kumwambia akae chini.

Tuanzie mbali kidogo, London. Kuna familia moja pale ambayo watafiti waliipa jina la KE ili kuificha. Vizazi vitatu, bibi, watoto na wajukuu, na kama nusu ya ndugu wote wana shida ile ile: usemi wao haueleweki, kwa wengine hata wakiwa watu wazima. Ripoti ya kwanza ya kitabibu ilitoka mwaka 1990. Mwaka 2001 timu ya Simon Fisher na Anthony Monaco pale Oxford ikaikamata jeni yenyewe, ikaitwa FOXP2, iko kwenye kromosomu ya 7. Kosa lenyewe ni la herufi moja tu ya DNA. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama, na hawa ndugu nakala yao moja ilikuwa na kosa. Mwenye kosa akizaa, mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kulichukua, kama kurusha shilingi juu. Ndo maana ukoo mzima uligawanyika karibu katikati.

Magazeti ya wazungu yakarukia, eti "jeni ya lugha imepatikana". Si kweli. Panya wanayo FOXP2, ndege wanayo. Hiyo jeni ni kama nyapara, kazi yake ni kuamrisha jeni nyingine zifanye kazi au zipumzike wakati ubongo unajengwa. Na watu wenye kosa hilo ni wachache sana duniani, kwa hiyo usikimbilie kusema mtoto wa jirani ana FOXP2.

Kilichonivutia mimi ni walichogundua kuhusu midomo ya wale ndugu. Profesa Faraneh Vargha-Khadem na wenzake waliwapima muda mrefu wakakuta misuli haijapooza. Wanakula, wanameza. Shida iko kwenye kupanga miondoko ya ulimi na midomo mmoja baada ya mwingine kwa haraka. Hebu sema neno "korosho" polepole. Nyuma ya ulimi inagusa juu, midomo inaviringana, ncha ya ulimi inapiga, halafu hewa inapita kwa kubanwa, tena midomo inaviringana. Yote hayo chini ya sekunde moja, na hujawahi kufundishwa. Mtoto mwenye shida hii leo atasema "tolo", kesho "kosho", keshokutwa "oloso". Kubadilika badilika huko ni dalili mojawapo ambayo wataalamu wanaiangalia, tofauti na mtoto anayesema "kolosho" kila siku. (Na huku kwetu l na r tunazichanganya hata sisi wazee, hiyo ni lafudhi, usimpeleke mtoto hospitali kwa hilo!)

Shida hiyo inaitwa apraksia ya usemi. Na hapa sasa ndo jeni inapokutana na tiba. Mwaka 2020 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa majibu ya watoto 34 wenye apraksia ya usemi waliopimwa DNA. Watoto 11, yaani kama theluthi, walikutwa na badiliko la jeni linaloeleza shida yao. Na jeni zenyewe hazikuwa moja, ni nyingi tofauti, nyingi zikiwa za aina ile ile ya manyapara. Kwa hiyo mama anayeambiwa amemharibu mtoto kwa kula kitu fulani wakati wa mimba, au amerogwa, au hamsemeshi mwanaye, kuna karatasi ya kumjibu jirani. Hilo peke yake mimi naliona si dogo.

Lakini je, matibabu yanabadilika? Tusidanganyane, hakuna dawa ya kurekebisha FOXP2 leo. Kinachobadilika ni kujua mtoto yuko fungu gani. Mwenye apraksia hahitaji kupuliza mishumaa wala kusuguliwa ulimi kwa asali. Anahitaji mazoezi ya kutamka mfululizo wa silabi, mara nyingi, kwa vipindi vilivyokaribiana. Kuna jaribio la Australia lililotoka mwaka 2015, watoto 26, makundi mawili yenye mbinu mbili tofauti, kila mtoto vipindi 12 ndani ya wiki tatu. Makundi yote mawili yalipiga hatua. Sikia vizuri hapo: vipindi 12, wiki tatu. Sasa chukua mzazi wa Mtwara anayeambiwa aende Dar, kilomita zaidi ya 500, aje tena baada ya miezi miwili. Hata kama mtaalamu wa huko ni bingwa wa mabingwa, ratiba hiyo haiendani na ugonjwa. Ulimi unajifunza kwa kurudia rudia, kama mguu unavyojifunza mpira.

Mifano mingine iko wazi zaidi. Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa wamepungukiwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Wengi wao wana tatizo la moyo, na kaakaa la juu halifungi vizuri hivyo sauti inapitia puani. Mtoto huyo umfanyishe mazoezi ya kutamka mwaka mzima, hewa itaendelea kuvuja. Anamhitaji daktari wa upasuaji kwanza, mazoezi baadaye. Kipimo cha jeni kinamwambia mtaalamu wa usemi: angalia kaakaa, na ulizia moyo. Au mtoto mwenye Down, wale wenye kromosomu ya 21 ya ziada. Masikio yao hujaa majimaji mara kwa mara, kwa hiyo kinachoonekana ni "akili nzito" kumbe nusu yake ni masikio yaliyoziba. Na wengi wanaelewa kuliko wanavyoweza kutamka, ndo maana kuwafundisha ishara za mikono mapema kunawasaidia. Kuna watu wanasema ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo.

Haya, mtasema mbona London, mbona Australia, sisi tunahusikaje? Tulieni nakuja. Kati ya watafiti waliowapima wale ndugu wa familia ya KE alikuwemo Katie Alcock, Mwingereza. Baadaye mama huyu akaja pwani yetu hii hii ya Afrika Mashariki, Kilifi nchini Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, akafanya kazi na watafiti wa Kenya kutengeneza kipimo cha lugha kwa watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili na Kigiriama. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Kipimo kama hicho Ulaya mzazi anapewa orodha ya maneno ajaze mwenyewe, tiki, tiki. Kilifi wazazi wengi hawasomi, basi mtafiti anakaa na mama anamuuliza kwa mdomo: mtoto anasema neno hili? Na hili? Na ikaonekana kwamba mama asiyejua kusoma anaweza kutoa taarifa za maana kabisa kuhusu maneno ya mwanaye.

Kwa nini nalirukia hili? Kwa sababu huwezi kuunganisha jeni na lugha kama lugha yenyewe hujaipima sawasawa. Kiswahili si Kiingereza. Mtoto wa Kiingereza mwenye shida ya lugha anakamatwa kwa vijineno fulani anavyoangusha mwishoni mwa kitenzi. Sisi mambo yetu yako mbele: ni-na-ku-la, a-li-ni-piga. Mtafiti Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, akakuta watoto wadogo wanaangusha viambishi vya mwanzo, na hata watu wazima wa pale wanaangusha vingine wanapoongea. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili akisema "nakula" au "kula mimi", usipojua kawaida ya Kiswahili utampa ugonjwa asiokuwa nao. Au mbaya zaidi, utamwacha mwenye shida ya kweli kwa kudhani ni kawaida.

Na Kilifi hao hao wametuonyesha jambo la pili, ambalo kwa mkoa wenye mbu kama wetu halifai kupita hivi hivi. Julie Carter na wenzake waliwafuatilia watoto waliopona malaria kali, majibu yakatoka mwaka 2005. Waliopata malaria ya ubongo, asilimia 24 walibaki na angalau ulemavu mmoja kati ya yaliyopimwa, na lugha ikiwemo. Watoto wa eneo hilo hilo ambao hawakupata malaria kali, ni asilimia 10. Unaona? Mtoto alikuwa anasema vizuri, akaugua degedege akiwa na miaka miwili, akapona, watu wakashukuru Mungu, halafu maneno yakapungua. Hapo usitafute jeni. Ila hata kwenye malaria jeni inaingia kwa mlango wa nyuma: ile ya selimundu. Ukiwa na nakala moja unapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, Allison alilionyesha hilo hapa hapa Afrika Mashariki mwaka 1954. Ukiwa na mbili ni ugonjwa, na ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa ya damu ya ubongo, hata kiharusi cha kimya kimya ambacho mzazi hakioni, anaona tu mtoto shuleni hashiki. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kwangu mimi, kumpima mtoto selimundu mapema na kumwanzishia dawa ya hydroxyurea ni sehemu ya tiba ya usemi, japo hakuna anayeiita hivyo.

Sasa masikio, na hapa ndo wazungu wenyewe walipogonga mwamba kwetu. Ulaya, mtoto akizaliwa kiziwi jeni ya kwanza kushukiwa inaitwa GJB2, ndiyo inayoongoza kule. Wakatengeneza vipimo kwa kuitazama hiyo. Profesa Ambroise Wonkam, Mkameruni, na wenzake wamekuwa wakipima familia za viziwi katika nchi kadhaa za Afrika, na katika nchi nyingi kusini mwa Sahara GJB2 karibu haionekani kabisa, ukiacha Ghana ambako kuna kijiji cha Adamorobe chenye badiliko lake maalumu. Maana yake nini? Mtoto wa Kitanzania anaweza kupimwa kwa kipimo kilichotengenezwa Ulaya, jibu likarudi "hakuna kitu", mzazi akaelewa kwamba si ya kurithi, kumbe kipimo kilikuwa kinatafuta mlango usio wa nyumba hii. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijeni duniani, halafu ndio tuliopimwa kidogo zaidi. Hilo ni swala la haki, si la maabara tu.

Mfano mwingine wa masikio ni gentamaisini, ile sindano wanayopewa sana watoto wachanga wenye maambukizi. Kuna badiliko linalorithiwa kwa mama, linaitwa 1555, mwenye nalo akipigwa dawa za jamii hiyo anaweza kuwa kiziwi moja kwa moja. Uingereza mwaka 2022 ilitoka taarifa ya kipimo cha kando ya kitanda kinachotoa jibu ndani ya dakika 26, kabla sindano haijachomwa. (Jamani msije mkamkatalia daktari sindano kwa sababu mmesoma hapa! Mtoto mchanga mwenye sumu kwenye damu anakufa. Ukoo ukiwa na watu waliokuwa viziwi baada ya sindano, mwambie daktari mapema, yeye ataamua.)

Na mwanzoni mwa mwaka 2024 China ilitoa habari kubwa: watoto sita waliozaliwa viziwi kwa kosa la jeni iitwayo OTOF walitibiwa kwa kuingiziwa jeni nzima sikioni, na watano wakaanza kusikia. Tamu sana, ila ni sehemu ndogo tu ya viziwi wote, na mtoto akianza kusikia bado anatakiwa afundishwe kusikiliza na kusema. Ni kama kile kifaa cha kupandikizwa sikioni ambacho Muhimbili walianza kukiweka mwaka 2017. Kifaa kinaleta sauti, lugha inaletwa na miaka ya mazoezi baada ya hapo.

Nirudi nyumbani. Mama yangu mdogo anakaa Msimbati, huko karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mtoto wake, mdogo wangu wa kiume, mpaka anafikisha miaka minne alikuwa na maneno hayafiki kumi. Kituo kimoja cha afya, jina naliacha, walimwambia ni udata, ule uzi wa chini ya ulimi. Ukakatwa. Kimya. Mwingine mtaani akashauri wamkate kimeo, bahati nzuri mama mdogo akagoma. Siku moja nikamuuliza bibi, hivi katika ukoo wetu nani mwingine alichelewa? Bibi hakuhitaji kipimo. Akahesabu kwa vidole: mjomba mmoja alikuwa na kigugumizi mpaka anakufa, binamu wawili walianza kuongea wakiwa na miaka minne, na shangazi mmoja alisema akiwa na mitano. Nikauliza, huyo shangazi si aliongea baadaye? Akasema ndiyo aliongea. Ila shule aliacha darasa la tatu, kusoma kulimshinda, walimu walimwita mjinga na yeye akaamini.

Wadau, hapo ndo nikaelewa. Huyo shangazi ni ushahidi wa "ataongea tu". Aliongea kweli! Na hakuna aliyeunganisha kuchelewa kwake na kushindwa kusoma. Uingereza na Marekani wakiwapima watoto wanaoanza shule, kama 7 kati ya 100 wana shida ya lugha isiyo na sababu inayoonekana: masikio mazima, hakuna ulemavu mwingine. Wengi wanaongea, tena huwezi kuwajua barabarani. Wanakwama kwenye kuelewa sentensi ndefu, kwenye hadithi, kwenye kusoma. Na utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba kurithi kuna mchango mkubwa hapo. Watafiti wakitaka kujua ni mtoto gani aliyechelewa atabaki na shida na yupi atajinasua mwenyewe, moja ya maswali wanayouliza ni historia ya ukoo. Yaani kauli ile ile ambayo mtaani inamtuliza mama, kliniki ya wenzetu inampandisha mtoto juu kwenye foleni.

Kigugumizi nacho ni hivyo hivyo. Mwaka 2010 timu ya Dennis Drayna pale Marekani ilitaja jeni za kwanza za kigugumizi, kwa kuanzia na familia za Pakistani. Mwaka 2015 ikaongezeka nyingine iliyopatikana kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Julai 2025 ukatoka utafiti mkubwa kuliko yote, watu zaidi ya milioni moja, ukataja maeneo 57 kwenye DNA yanayohusiana na kigugumizi. Data zenyewe zilitoka kwa wateja wa 23andMe, ile kampuni ya kutema mate kwenye kichupa, ambayo Machi 2025 iliomba ulinzi wa kufilisika, watu wakaanza kuulizana data zao zinakwenda kwa nani. Ukiona tangazo la mtu anayeuza kipimo cha DNA cha "kujua akili na usemi wa mtoto", funga dirisha, okoa hela yako. Maeneo 57 kila moja likichangia kidogo sana hayawezi kukwambia mtoto wako atagugumia au la. Bibi anakwambia zaidi, tena bure.

Mdogo wangu alipelekwa Dar mwishowe, baada ya korosho kuuzwa. Masikio yakapimwa, mazima. Mtaalamu wa usemi akampa mama mdogo mazoezi ya nyumbani, na akamwambia jambo ambalo wengi hawaambiwi: endelea kuongea naye Kimakonde. Kuna mtu alikuwa ameshamwambia aache, eti lugha mbili zinamchanganya mtoto. Lugha mbili hazileti ugonjwa wa lugha. Mtoto mwenye shida ya kurithi atakuwa nayo kwenye Kimakonde na kwenye Kiswahili, ndo maana anatakiwa apimwe kote kuwili. Ukimnyang'anya Kimakonde umemnyang'anya bibi, na bibi ndiye mwenye muda wa kumsimulia. Sasa hivi anaunga maneno matatu, manne. Bado safari.

Basi tuongee siasa kidogo maana nawajua mnaisubiri. Gesi yetu ilipewa bomba mpaka Dar, mwaka 2015 ikawa inafika. Mtoto wa Mtwara anapanda basi. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Rais Samia aliizindua Septemba 2023, na tunayo Ligula. Muhimbili chuoni wanafundisha shahada ya masikio na usemi, wahitimu ni wachache na Dar ina nguvu ya kuwavuta. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mimi nikipewa dakika moja na mbunge simwombi mashine ya kusoma jeni. Namwomba vitu vitatu vya bei ndogo: kila mtoto apimwe masikio akizaliwa, kadi ya kliniki iwe na swali "nani katika ukoo alichelewa kusema au ana kigugumizi", na wahitimu wa usemi wawili watatu waletwe kusini, na vipindi vyao vilipwe na bima kama vidonge vinavyolipwa. Jeni zije baadaye, na zikija ziwe zimepimwa kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, siyo kunakili kutoka London.

Kwa mdau mwenye mtoto au mdogo wake nyumbani: mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole, wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili, au wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke. Anza na masikio. Na ukifika kwa daktari usisubiri aulize, mtajie ukoo.

Muda wa kompyuta unakaribia kuisha. Nina swali kwenu: leo ukirudi nyumbani muulize bibi au mama mkubwa nani kwenu alichelewa kusema, na shule iliishia wapi kwake. Majina msiweke. Niandikieni hapo chini kwenye maoni, nami nitayasoma yote, hata ya wale wa kunipinga.